Kununua Nyumba kwa Mfiwa: Mvumilie Mtu, Usizivumilie Karatasi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama mliofika kutoka Bombo, Jinja na hapa Kampala, habari za mchana.

Mliomba tuzungumzie ununuzi wa nyumba pale muuzaji anapokuwa na msiba: mjane, mgane, mtoto wa marehemu, au ndugu aliyeachiwa funguo. Tena mkaongeza, na ni kweli, kwamba muuzaji wa namna hiyo mara nyingi ni mgumu. Leo anataka milioni 180, Jumatatu anataka 230. Anakukaribisha uione nyumba, ukifika anakuambia chumba kimoja hakifunguliwi. Hapokei simu wiki nzima, kisha anakupigia usiku wa manane kuuliza kama bado una nia.

Hoja yetu ni moja. Wanunuzi wengi humharakisha mtu na kuzilegezea karatasi. Wanambana mjane kwa bei na tarehe, halafu kwa kuona haya ya msiba wanashindwa kumwomba barua ya mahakama. Geuzeni mambo. Mtu apewe muda anaouhitaji. Karatasi zisipewe hata siku moja ya hisani.

Tuanze na swali lisilo na utovu wowote wa adabu: nyumba hii leo imeandikwa kwa jina la nani? Usimuulize muuzaji peke yake. Chukua namba za hatimiliki, yaani bloku na ploti, au voliumu na folio, uende ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi ukafanyiwe upekuzi wa daftari. Utapewa jina la mwenye ardhi, aina ya umiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu ameliweka. Fanya upekuzi huo kabla ya kuzungumza bei. Mnunuzi anayeanza na bei huwa ameshaipenda nyumba, na aliyeipenda nyumba husoma karatasi kwa jicho moja.

Jina likiwa la marehemu peke yake, basi hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kukuuzia siku hiyo. Si mjane, si kifungua mimba, si kaka mkubwa wa marehemu, wala si mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na muhuri wake. Anayeuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anaingilia mirathi, na mkataba wake hauwezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana.

Kuna hali moja iliyo nyepesi zaidi. Kama mume na mke waliandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawana hisa, aliyebaki hai huchukua nyumba nzima. Anapeleka cheti cha kifo ofisi ya ardhi, jina la marehemu linaondolewa, kisha anauza kwa jina lake. Lakini kama hati inasema kila mmoja ana hisa yake, nusu ya marehemu ni mirathi na inapita njia ile ile ya mahakama. Soma maneno ya kwenye hati. Usikisie kwa sababu walikuwa mke na mume.

Njia ya mahakama ni hii. Familia inapata cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na barua ya LC1. Inakaa kikao na kuandika kumbukumbu zake: nani warithi, nani wanapendekezwa kuwa wasimamizi. Pasipo wosia, wanakwenda ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali, inayoangalia mali za marehemu, kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Kisha wanafungua maombi mahakamani. Mamlaka ya hakimu mkuu yana kikomo cha shilingi milioni 50, kwa hiyo mirathi yenye nyumba ya mjini kwa kawaida huenda Mahakama Kuu. Tangazo linatolewa gazetini na watu wanapewa siku 14 za kupinga. Asipopatikana mpingaji, barua za usimamizi zinatolewa. Penye wosia, anayetajwa humo kuwa mtekelezaji ndiye anayeomba idhini ya kuutekeleza.

Barua zikishatoka, kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Msimamizi lazima aziandikishe ofisi ya ardhi ili hati isomeke kwa jina lake kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Ndipo anaweza kusaini fomu ya uhamisho kwenda kwako. Wasimamizi wakiwa wawili, wote wawili wanasaini. Mmoja akiwa Dubai au London, saini yake bado inahitajika, na si ya binamu anayemwakilisha kwa maneno. Tangu marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022, barua hizi zina muda wa miaka 2, na mahakama pekee ndiyo inayoweza kuuongeza. Kwa hiyo angalia tarehe. Nenda masjala ya mahakama na namba ya kesi, uhakikishe barua ni halisi na hazijabatilishwa. Nakala iliyopigwa picha kwa simu haithibitishi lolote.

Tutaje karatasi nne ambazo huletwa mahali pa barua za usimamizi, kwa nia njema au mbaya. Ya kwanza ni uwakala wa kisheria aliousaini marehemu: ulikufa naye. Ya pili ni fomu ya uhamisho ambayo "marehemu alikwishaisaini kabla hajaugua", isiyo na tarehe. Ukiijaza tarehe wewe, umetengeneza hati ya mtu aliyekufa, na polisi watakutafuta wewe, si yeye. Ya tatu ni waraka wa mgao kutoka kwa sheikh au kadhi. Huo unasaidia sana amani ya familia na tunashauri uwepo, lakini mrajisi wa ardhi hatakuandikia hati kwa huo peke yake. Ya nne ni kumbukumbu za kikao cha ukoo kilichomsimika mrithi.

Hilo la mrithi wa kimila linahitaji maneno machache zaidi. Katika Buganda, siku ya okwabya olumbe, yaani sherehe ya kumaliza msiba, anasimikwa omusika, yaani mrithi, na watu wengi hudhani kuanzia hapo nyumba ni yake. Kwa sheria ya 2022, mtu akifa bila wosia, mrithi wa kimila hupata asilimia 1. Mwenzi hupata 20, watoto na wajukuu 75, na wategemezi wengine 4. Tena nyumba ambayo familia ilikuwa ikiishi haiingii katika mgao huo. Inashikiliwa kwa ajili ya mwenzi na watoto, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai. Kijana wa miaka 25 aliyevaa kanzu na kushika mkuki mbele ya ukoo anastahili heshima zote. Saini yake peke yake haitoshi kukuuzia jiko la mama yake.

Basi ombeni ridhaa ya maandishi kutoka kwa mwenzi aliyebaki na kila mtoto mtu mzima, hata kama msimamizi anasema hana haja nayo. Kila mmoja aandike jina, namba ya kitambulisho cha taifa, saini, na abandike picha. Wakiwapo watoto wa chini ya miaka 18, wakili wako aeleze kwa maandishi hisa yao inalindwaje na kama mahakama inapaswa kutoa idhini kwanza. Mtoto wa miaka 12 wa leo atakuwa na miaka 18 ukiwa bado unalipa mkopo wa nyumba hiyo. Na kama yuko mtu asiyesoma lugha ya mkataba, sheria inataka asomewe na kufafanuliwa, na aliyemsomea aandike jina na anwani yake. Kidole gumba kilichowekwa chini ya Kiingereza ambacho bibi hakukielewa kimeshawapotezea watu nyumba mahakamani.

Itatokea pia familia kusema: tunataka kuuza, lakini hatuna hata pesa za wakili na tangazo la gazeti. Mara nyingi ni kweli. Ugonjwa na mazishi vimeshamaliza akiba. Broka atakushauri utoe "kianzio". Usitoe. Ukitaka kusaidia, mkopeshe mmoja wa watu wazima kwa mkataba wa mkopo unaosimama peke yake, usioitaja nyumba kama bei wala dhamana, na ulipe moja kwa moja kwa wakili na kwa gazeti ukichukua risiti. Kiwe kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi.

Kibanja kina mkondo wake. Kama nyumba imejengwa juu ya ardhi ya mailo, yaani ya umiliki wa kudumu, ya mtu mwingine, unachonunua ni haki ya kukaa, si ardhi. Mwenye ardhi lazima apewe nafasi ya kwanza ya kununua, na kuuza bila kumpa nafasi hiyo ni kosa. Uliza risiti za busuulu, ile kodi ya mwaka ya mwenye ardhi, uliza imelipwa kwa nani, kisha umtafute mwenye ardhi mwenyewe au wakala wake halali kabla hujatoa pesa. Kanzu, yaani yale malipo ya kutambulishwa kwake, mwafikiane tangu mwanzo itatoka mfukoni mwa nani. LC1 anaweza kushuhudia na kuthibitisha kwamba anawajua wauzaji. Akidai asilimia 10 ya bei, hiyo haimo katika sheria yoyote. Ardhi ikiwa ya mkataba wa miaka, hesabu miaka iliyobaki, angalia kodi ya ardhi iliyolimbikizwa, na upate ridhaa ya mwenye ardhi. Wenzetu wasio raia wa Uganda wakumbuke kwamba wao wanaruhusiwa umiliki wa aina hiyo tu, usiozidi miaka 99.

Sasa makaburi. Nchini kwetu watu huzikwa nyumbani, na mara nyingi kaburi lililo nyuma ya nyumba ndilo la huyo huyo aliyeacha nyumba. Msilikwepe jambo hili kwa kuona haya. Kuna njia tatu. Mpima ardhi anaweza kulikata eneo la makaburi lipate ramani na hati yake, libaki kwa familia, nawe ununue kilichobaki. Au familia ipewe haki ya kuzuru kwa njia ya miguu iliyochorwa kwenye ramani, yenye upana uliotajwa, na mkataba useme mazishi mapya hayaruhusiwi. Au mwili uhamishwe, na hilo linataka vibali vya serikali na ridhaa ya familia nzima, lifanywe na familia yenyewe kabla hujalipa pesa ya mwisho. Ya kwanza ndiyo bora uwanja ukiruhusu. Ya pili huleta ugomvi pale njia ilipoachwa "tutaelewana".

Tumekaa sana kwenye karatasi kwa makusudi. Zikishaeleweka, mtu mgumu anakuwa mwepesi kumbeba, kwa sababu hujamtegemea akuhakikishie kitu chochote.

Kwanza, siku. Usitaje nyumba kwenye matanga, hata kama wenyewe wameanza. Mjane wa Kiislamu yuko eda miezi minne na siku kumi. Hapo hachukuliwi benki na mahakamani kama mfanyabiashara. Upekuzi wa daftari, upimaji na kusoma karatasi vyote vinaendelea bila yeye kutoka. Kwa familia za Buganda, uliza kwa upole kama olumbe umekwisha. Ukinunua kabla yake, huwezi kujua ni mtoto gani wa nje atakayejitokeza siku hiyo akiwa na cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho kina nguvu.

Pili, nani aongee. Mtafute mtu mmoja upande wao ambaye mfiwa anamsikiliza: shangazi, mjomba, mzee wa msikiti au wa kanisa. Awe mtu asiyepata kamisheni. Bei ipite kwake. Wewe ukimwona mama, ongea habari za nyumba na pole. Msiende watu watano. Nendeni wawili, na mmoja awe mwanamke kama muuzaji ni mwanamke.

Tatu, ulimi. Usiikosoe nyumba mbele ya mwenyewe. Mlango uliotengenezwa vibaya huenda aliutengeneza marehemu kwa mkono wake. Sema, "Mama, tungeomba fundi wetu apite Jumamosi saa nne, atakaa saa mbili, na kama kuna chumba hutaki kifunguliwe siku hiyo tutarudi siku nyingine." Kisha rudi kweli. Chumba hicho lazima kionekane kabla ya mkataba, si kwa ukaidi bali kwa sababu unyevu na mchwa hupenda vyumba vilivyofungwa. Mwache mtu wa familia atoe nguo za marehemu kwanza.

Fundi apime nini? Nyufa za unywele kwenye lipu si neno. Ufa unaopita milimita 5, hasa ule unaopanda kama ngazi kufuata maungio ya matofali, unaeleza habari za msingi. Apande darini na tochi atazame mbao za paa, maana vijia vya udongo vya mchwa huonekana huko kabla ya chini. Mabati ya geji 28 ni manene kuliko ya 30, wala usiamini neno la mdomo. Afungue mfuniko wa tangi la choo. Mpima ardhi naye afungue mipaka na kuyatafuta mawe yake. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 11.5 hivi (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari), ingawa mabroka wote wa Wakiso wataapa ni 12 na nusu. Karibu na ziwa Victoria angalia mita 200 za hifadhi ya ufuko, na mabondeni uliza kama ni ardhi oevu, maana hati ya kinamasi inaweza kufutwa hata ikiwa ni halisi.

Bei yenyewe. Mfiwa hupanga bei kwa hesabu mbili zilizochanganyika: thamani ya nyumba na thamani ya maisha yaliyopita humo. Ya pili hailipiki, na kubishana nayo ni ukatili. Leta ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, mpe mjomba, kaa kimya wiki mbili. Kasoro za fundi ziandike kama gharama za ukarabati, kila moja na kiasi chake, bila kivumishi hata kimoja. Akipandisha bei mara ya tatu bila sababu, mwambie msemaji wao kiwango chako cha mwisho na tarehe ya kukiacha, kisha uiheshimu tarehe hiyo. Lakini mjihadhari zaidi na yule anayekubali kila kitu. Mjane anayeuza nyumba ya milioni 200 kwa 90 ili tu aondoke kesho, watoto wake watakwenda mahakamani kusema mama alitumiwa akiwa hana akili timamu, na hakimu atawasikiliza. Lipa bei ya haki, na mhimize awe na wakili wake mwenyewe. Hata ukimlipia wewe ada ya huyo wakili, ni bima ya bei rahisi.

Kuna ugumu wa huzuni na kuna ugumu wa kuficha, na vinatofautiana. Mwenye huzuni hubadilisha siku, hulia, hukasirika, hunyamaza. Lakini namba za hati atakupa, na ndugu zake utawaona. Anayeficha huwa mchangamfu kuhusu bei na mgumu kuhusu watu: hataki uonane na mjane, hati "iko kwa rafiki benki", anataka pesa taslimu leo jioni. Wa kwanza msubiri. Wa pili mwage.

Kama kulikuwa na mkopo, familia iulize benki juu ya bima ya mkopo. Mara nyingi deni la marehemu hulipwa na bima hiyo, na wafiwa wengi hawajui. Benki ikishamalizana, uondoaji wa rehani lazima uandikishwe kwenye hati, kwa sababu barua ya pongezi kutoka tawini haiondoi kitu kwenye daftari.

Kwenye mkataba, malipo yafuate hatua. Mpango unaofaa ni asilimia 10 baada ya hati kusomeka kwa jina la msimamizi, ikikaa kwenye akaunti ya wakili. Sehemu kubwa baada ya fomu za uhamisho zilizosainiwa na ridhaa zote kuwa mkononi mwa wakili wako. Na asilimia 20 au 30 siku ya kukabidhi funguo nyumba ikiwa tupu. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya mirathi, si kwa simu ya kijana mmoja. Mara tu ukilipa sehemu ya kwanza, weka zuio kwenye hati kulinda haki yako. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani anayoikubali mthamini wa serikali: kwa milioni 200 ni milioni 3, na unalipa mnunuzi. Msiandike bei ndogo kuukwepa; mauzo yakivunjika, utarudishiwa kilichoandikwa.

Tarehe ya kuhama iandikwe, na iwe ya ukarimu, siku 60 au 90. Akiomba zaidi, mpe kama mpangaji, kwa mkataba wa upangaji wenye mwisho. Kukaa bure bila karatasi kunageuka madai. Vitu vinavyobaki viorodheshwe kimoja kimoja: tangi la maji, jenereta, makabati, miti ya matunda. Picha za ukutani, vitabu vya dini na nyaraka za marehemu ni vya familia hata vikisahaulika, na mkataba useme utavitunza miezi sita. Siku ya makabidhiano someni mita ya maji pamoja, maana deni la akaunti ya maji hufuata nyumba, na mita ya umeme ibadilishwe jina wiki hiyo hiyo.

Uhamisho ukikamilika, fanya upekuzi mwingine, safari hii ukitafuta jina lako mwenyewe. Hapo ndipo fundi wa rangi aitwe, si kabla.

Sasa karibuni kwa maswali. Waliokuja na nakala za hati zao wakae upande wa dirisha, mpima ardhi ataanza nao. Wenye habari za mirathi ambazo hazifai kusemwa mbele ya watu wote, wakili yupo chumba cha nyuma hadi saa kumi na moja.